Mume amepata kazi Uingereza, mkwe anataka mjukuu abaki Tanga

Swali: Shikamoo. Naishi Chumbageni, Tanga. Mume wangu ni muuguzi, amepata kazi hospitalini Leeds. Tuna binti wa miaka minne na mvulana wa mwaka na nusu. Mama mkwe anasema binti abaki kwake, tumchukue "tukishatulia". Moyo wangu hautaki, ila naogopa baridi na lugha. Nianzie wapi? — Mama Wawili

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nenda na watoto wote wawili. "Tukishatulia" haina tarehe, na mtoto wa miaka minne hajui kuhesabu miezi. Anachojua ni kwamba mama kapanda basi na mdogo wake, yeye kaachwa. Ikibidi, atangulie mumeo wiki sita hadi nane atafute nyumba (amana huko kwa kawaida haizidi kodi ya wiki tano), nanyi watatu mfuate pamoja. Habari hii amwambie mama yake mwenyewe. Usiibebe wewe.

Anzia kwenye majina. Toa vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa na pasipoti zenu, vitandaze mezani, usome herufi kwa herufi. Baba akiwa "Mohamedi" kwenye cheti cha mtoto na "Mohamed" kwenye pasipoti, afisa wa viza anaweza kuhoji kama ni mtu mmoja. Kasahihishe RITA (wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo), ofisi ya wilaya, kabla ya kuomba pasipoti za watoto. Ukichelewa, kosa linahamia kwenye pasipoti na utalipa mara mbili. Karatasi yoyote ya Kiswahili kitupu itafsiriwe Kiingereza na mtafsiri anayeweka jina, sahihi na tarehe.

Kipimo cha kifua kikuu, kinachotakiwa kwa viza, kinafanyika Dar es Salaam, kwenye Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Nenda na watoto pia: walio chini ya miaka 11 kwa kawaida hawapigwi eksirei, lakini lazima daktari awaone. Cheti kinadumu miezi 6, kwa hiyo usipime mapema mno.

Fedha ndiyo inayowaangusha wengi. Kwenye maombi ya viza, wewe unaonyesha paundi 285, mtoto wa kwanza 315, wa pili 200. Jumla hiyo ya 800 ikae benki siku 28 mfululizo. Ikishuka hata siku moja, hesabu inaanza upya. Mwajiri anaweza kuwadhamini badala yake, basi mumeo amwulize leo. Aulize pia kama viza yake ni ya wahudumu wa afya, maana hiyo haina ile tozo kubwa ya matibabu ya kila mwaka.

Baridi isikutishe, makoti nunueni hukohuko. Giza ndilo la kujiandaa nalo: Desemba jua la Leeds huzama kabla ya saa kumi jioni. Watoto wa umri wa wako huko hupewa mikrogramu 10 za vitamini D kila siku. Beba kadi za kliniki, zitaulizwa.

Shule ya serikali ni bure; binti ataanza Septemba baada ya kutimiza miaka minne, mkiomba kwa halmashauri ya mji mkishapata anwani. Huenda akanyamaza darasani wiki nyingi. Anasikiliza, hajadumaa. Nyumbani shikilieni Kiswahili, ila mfundishe mapema kusema kwa Kiingereza anataka chooni, ana kiu, anaumwa.

Na bibi mpeni saa yake kabla hamjafunga masanduku. Majira ya baridi, Leeds ikiwa saa kumi jioni, binti katoka shule, Tanga ni saa moja usiku na bibi keshaswali magharibi. Apige yeye.