Ukipata namba usizozitegemea, usizifute kwanza

Wadogo zangu mnaoanza kazi za maabara, naandika hili kwa sababu naona vijana wazuri kabisa wanafuta data kwa mkono wao wenyewe, na mimi nilifanya hivyohivyo.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa napima ukinzani wa umeme wa sampuli moja nyembamba sana huku naipoza, grafu inashuka vizuri tu halafu ikifika sehemu fulani inaruka juu. Nikajiambia hiyo ni noizi, yaani vurugu tu za vifaa, nikatoa pointi nne nikapeleka grafu safi. Mzee aliyekuwa ananisimamia akaitazama akauliza, mbona hapa katikati pana pengo? Akanirudisha maabara.

Wiki tatu nabadilisha kitu kimoja kimoja, yaani kimoja kwelikweli, maana ukibadilisha waya na kipimajoto siku moja halafu ule mruko ukapotea hutajua kilichokuwa kinauleta ni kipi. Nikabadilisha waya, upo. Kipimajoto, upo. Nikaweka kipande cha shaba badala ya sampuli, haupo! Nikarudisha sampuli, huo hapo tena. Halafu nikapima wakati inapanda joto, mruko ukatokea nyuzijoto kadhaa juu zaidi kuliko wakati wa kupoa, nikarudia polepole mara kumi zaidi, tofauti ileile. Hapo mzee akavuta kiti akakaa. Sampuli yenyewe ndo ilikuwa inabadili mpangilio wa atomu zake.

Sasa msidhani kila ajabu ni ugunduzi, mara nyingi ni waya kweli. Mwaka 2011 timu ya watafiti iitwayo OPERA ilipima nyutrino, chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu, zinazotoka CERN, maabara ya fizikia huko Uswisi, kwenda maabara ya Gran Sasso huko Italia, kama kilomita 730, zikaonekana zimewahi kuliko mwanga kwa nanosekunde 60 hivi, na mwaka uliofuata ikajulikana kuna kebo ya faiba kwenye vifaa vyao vya kupima muda haikukazwa sawasawa. Wapo waliowacheka, mimi nawaheshimu sana, walitafuta kosa kwa miezi, wakaweka namba zao wazi na kuomba wenzao wazikague.

Kinachoniuma zaidi ni ile ya Philadelphia, Marekani, mwaka 1890, mwanafizikia Goodspeed na mpiga picha Jennings walikuta kwenye sahani ya picha alama za duara wasizoweza kuzieleza, wakaiweka kando. Miaka mitano baadaye Röntgen, mwanafizikia wa Ujerumani, akaona skrini inang'aa wakati bomba lake la kioo la kupitishia umeme limefunikwa, akajifungia wiki kama saba anapima tu, ndo tukapata eksirei. Wale wawili wakaitafuta sahani yao, ilikuwa na eksirei tayari. Angalau hawakuitupa.

Kwa hiyo faili la data ghafi msiliguse, fanyieni kazi kopi, na kwenye daftari andikeni saa, nani alikuwepo, kipi kiliguswa, hata kama mnaona aibu. Zile pointi zangu nne sikuwa na kopi yake, na siku tulipokaa kuandika ripoti mzee alizitaka hizohizo za kwanza.