Maswali ya Wasomaji: Gololi, Uzi na Jibu la 10.9

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi na mwenzangu tulipewa kazi ya kupima mchapuko wa mvutano wa dunia kwa kutumia penduli. Tulifunga gololi ya chuma kwenye uzi, na urefu kutoka kwenye kibano hadi katikati ya gololi ulikuwa mita 1.00. Tulipima muda wa mibembeo 20 mara tatu, tukapata sekunde 38.1, 38.0 na 38.2. Tulipokokotoa tukapata 10.9 badala ya mita 9.8 kwa sekunde mraba. Mwenzangu anashauri tuandike sekunde 40.1 ili jibu likae sawa. Nifanye nini, ilhali vipimo vyetu vyote vitatu vinakubaliana?

Jibu: Marahaba. Kabla ya yote, msiifute hiyo 38.1, kwa sababu ndiyo shahidi pekee mliye naye, na kwa bahati nzuri ni shahidi anayesema waziwazi. Penduli yenye urefu wa mita moja huchukua takriban sekunde 2.0 kwenda na kurudi, kwa hiyo mibembeo 20 ilipaswa kuchukua sekunde 40 na kidogo. Ninyi mmepungukiwa na sekunde 2, yaani mbembeo mmoja kamili, si zaidi na si pungufu. Gawanyeni 38.1 kwa 19 mtapata sekunde 2.005, na mkiingiza namba hiyo kwenye kanuni ya penduli (4π² mara urefu, gawanya kwa mraba wa muda wa mbembeo mmoja) mtapata 9.82.

Nadhani mambo yalikwenda hivi: mmoja wenu aliiachia gololi, akabonyeza saa na papo hapo akatamka “moja”. Wakati huo hakuna mbembeo wowote uliokuwa umekamilika. Gololi iliporudi mara ya kwanza akasema “mbili”, na alipofika “ishirini” zilikuwa zimepita safari 19 tu. Kosa hili nimeliona mara nyingi kuliko kosa lingine lolote katika maabara, na hata watu wazima hulifanya. Dawa yake ni kutamka “sifuri” wakati wa kubonyeza saa. Ni afadhali pia kuanza kuhesabu gololi inapopita chini kabisa, mbele ya alama mliyoiweka nyuma ya uzi, kuliko inapofika ukingoni. Pale chini inakwenda kasi, kwa hiyo wakati wa kupita unaonekana dhahiri, ilhali ukingoni inakaribia kusimama na jicho halijui ligeuke lini. Ila mkumbuke kwamba katika mbembeo mmoja gololi hupita chini mara mbili, hivyo mhesabu tu inapopita kuelekea upande uleule.

Kuhusu vipimo vitatu kukubaliana, hapo ndipo wanafunzi wengi hudanganyika. Kurudia kipimo hupunguza makosa ya mkono unaochelewa au kuwahi, ambayo leo huongeza na kesho hupunguza. Kosa linalojirudia kwa namna ileile halipungui hata ukirudia mara 100. Wala grafu ya mraba wa muda dhidi ya urefu isingewaokoa: kama mngehesabu vibaya kwa kila urefu, mngepata mstari ulionyooka na unaopita kwenye sifuri, ila mteremko wake ungekuwa na kosa. Kinachofichua kosa la kuhesabu ni kupima mibembeo “10”, kisha “20”, halafu kutoa. Kwa namna mlivyohesabu, mngepata takriban sekunde 18.0 na 38.1, na tofauti ya sekunde 20.1 ingekuwa ya mibembeo 10 halisi, kwa kuwa kosa la mwanzo limejiondoa lenyewe.

Grafu inafichua kosa la aina nyingine. Tuseme mngepima uzi peke yake na kuisahau nusu kipenyo ya gololi, sentimita 1 hivi. Mstari ungebaki umenyooka na mteremko wake ungekuwa sahihi, lakini usingepita kwenye sifuri. Ungekata mhimili wa urefu upande wa hasi, umbali uleule wa sentimita 1. Mtu anayetumia urefu mmoja tu angekosea kwa asilimia 1 bila kujua, ilhali mwenye grafu angepata jibu sahihi na, zaidi ya hapo, angeambiwa kitu alichosahau kupima.

Jambo la mwisho ni upana wa mbembeo. Kanuni mnayotumia ni ya mibembeo midogo. Mkiivuta gololi digrii 10 kutoka wima, muda huongezeka kwa takriban asilimia 0.2, jambo ambalo saa ya mkononi haitaliona. Mkiivuta digrii 30 ni asilimia 1.7, na hapo italiona.

Swali: Ninabingirisha mpira mdogo wa chuma kwenye ubao wenye urefu wa mita 2, ambao ncha yake moja imeinuliwa sentimita 10. Unachukua sekunde 3.4 kufika chini. Nikikokotoa napata mvutano wa 7, si 9.8. Nimelaumu msuguano, nikaupangusa ubao, nikabadilisha mpira nikaweka mzito zaidi, wala hakuna kilichobadilika.

Jibu: Umefanya jambo la maana kuliko unavyodhani: umemjaribu mshtakiwa wako, na ameonekana hana hatia. Kama msuguano ungekuwa unaula mwendo, kupangusa ubao kungeleta tofauti. Sasa tazama namba yenyewe. Gawanya 7 kwa 9.8 utapata 5 kwa 7. Uwiano huo unatokana na kubingirika. Kitu kinachoteleza bila msuguano huweka nishati yake yote katika kwenda mbele. Mpira mgumu unaobingirika huweka sehemu 2 kati ya 7 katika kuzunguka, na zinazobaki 5 ndizo zinazousogeza. Uzito na ukubwa hujitoa vyenyewe katika hesabu, ndiyo maana mpira wako mzito ulifika kwa muda uleule.

Ukitaka kuliona kwa macho, achia kwa pamoja mpira, silinda ngumu na pete. Mpira utatangulia, silinda itafuata kwa kuwa sehemu yake ni 2 kwa 3, na pete itakuwa ya mwisho kwa nusu tu. Jihadhari tu na ubao wenye mfereji: mpira ukikalia kingo mbili za mfereji hulazimika kuzunguka zaidi kwa umbali uleule, na uwiano wa 5 kwa 7 hushuka.

Kwa kuongezea, Galileo, mwanasayansi wa Italia, naye alibingirisha mipira ya shaba mferejini, akapima muda kwa kupima uzito wa maji yaliyochuruzika, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1638. Kubingirika hakukumharibia kazi, kwa sababu alichotafuta ni kwamba umbali unakua kama mraba wa muda, na sheria hiyo inabaki ileile iwe mpira unateleza au unabingirika. Wewe unatafuta namba, yeye alitafuta umbo la sheria.

Swali: Kwa nini nilikatwa alama kwa kuandika 9.8137 katika jaribio la penduli, wakati kikokotoo ndicho kilichonipa?

Jibu: Kikokotoo hakikushika saa. Mkono hukosea kwa takriban sekunde 0.2, katika sekunde 40 hiyo ni nusu asilimia, na kwa kuwa muda huingia kwenye kanuni kwa mraba wake, jibu hukosea kwa asilimia 1, yaani takriban 0.1. Andika 9.8, kisha useme inaweza kupanda au kushuka kwa 0.1.