Maswali ya Wasomaji: Kwa nini jedwali moja livunjwe kuwa matatu?

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni karani wa chama cha wakulima wa zabibu huku Hombolo, na jioni ninasomea stashahada ya tehama Dodoma mjini. Kila mzigo unapopokelewa ninaandika kwenye jedwali moja jina la mkulima, kijiji, simu, aina ya zabibu, kilo na bei. Mwalimu wetu wa kanzidata, yaani hifadhi ya data iliyopangwa kwenye kompyuta, anataka nilivunje kuwa majedwali matatu. Je, si kujiongezea kazi?

Jibu: Ndugu Karani, kazi itaongezeka siku ya kwanza tu. Mkulima aliyeleta mizigo 12 msimu huu umeiandika simu yake mara 12, na akibadili laini itakubidi urekebishe mistari yote. Ukiruka mmoja, kompyuta itakuwa na namba mbili za mtu yuleyule bila njia ya kujua ipi ndiyo sahihi. Isitoshe, mwanachama ambaye bado hajavuna hana pa kuandikwa, na ukifuta mzigo pekee wa mtu, umemfuta na mwenyewe. Matatizo ya namna hii ndiyo yaliyofanya kazi ya Edgar Codd, mtafiti wa IBM, ipate uzito tangu makala yake ya mwaka 1970 iliyopendekeza data zipangwe katika majedwali yanayohusiana.

Basi weka jedwali la wakulima, la aina za zabibu, na la mizigo. Kila mkulima apewe namba ya uanachama iwe ufunguo msingi, yaani alama inayomtambulisha yeye peke yake, wala usitumie jina, kwa kuwa majina hufanana, wala simu, kwa kuwa mume na mke huweza kuchangia moja. Namba hiyo ikirudiwa kwenye jedwali la mizigo huitwa ufunguo wa kigeni, na ukiutangaza rasmi kwenye programu ya kanzidata, programu itakataa mzigo wa mwanachama asiyekuwepo. Jedwali la aina nalo litakuepusha na Makutupora Red kuandikwa kwa tahajia nne.

Kwenye bei ndipo wengi huteleza. Wakishaambiwa wasirudie kitu, huihamishia kwenye jedwali la aina, kisha bei inapobadilika, mizigo ya mwezi uliopita nayo inahesabiwa upya na madeni ya watu yanavurugika. Bei iliyokubaliwa siku ya kupima ni habari ya mzigo huo, hivyo ibaki kwenye mizigo hata kama tarakimu zinajirudia. Malipo, yaani kilo mara bei, usiyahifadhi, yakokotolewe yanapohitajika.

Kabla hujawasha kompyuta, chora majedwali hayo kwenye karatasi na uyajaze mizigo mitano ya kweli kutoka daftari lako la mizani. Ukijikuta unaandika kijiji cha mkulima mmoja mara ya pili, safu hiyo imekaa kwenye jedwali lisilo lake.