Roketi ya Chupa ya Soda: Pampu Iache Kwanza

Roketi yangu ya kwanza, chupa ya soda inayorushwa kwa maji na upepo wa pampu, ilipanda mita chache, ikapinda, ikashuka kwa kishindo kwenye banda la kuku la jirani. Kuku walipona, bati nililipa mimi. Nikajiambia upepo haukutosha. Ya pili nikaipampu zaidi, ikapinda vibaya kuliko ile ya kwanza. Nilikaa wiki kadhaa ndipo nikagundua kwamba uzito ulikuwa umekaa mkiani.

Kila mgeni katika klabu yetu ya sayansi hufika na tamaa hiyohiyo ya kushika pampu. Siku hizi naifungia kabatini mpaka roketi yake ifaulu mtihani wa kamba.

Chupa iwe ya soda, ya plastiki, ya lita moja na nusu. Ya maji ya kunywa ni laini mno, lakini ya soda imetengenezwa kustahimili gesi. Iliyokunjika au kuchubuka itupe. Usiitoboe, wala usiibandike kitu kwa gundi ya moto, kwa sababu joto huidhoofisha. Chupa ya kioo au kopo la bati usiguse kabisa. Na wapo watakaokunong'oneza habari ya vichwa vya vibiriti; hao waambie maji yanatosha.

Kwa fundi baiskeli omba tyubu iliyokufa, ukate ule mdomo wa chuma wa kujazia upepo. Chukua kizibo cha chupa ya chai ya zamani, kile cha gome, ukichonge mpaka kiingie kwenye chupa kwa kubana. Kitoboe katikati, upitishe ule mdomo wa tyubu. Kikivuja pembeni, kizungushie utepe wa mpira wa tyubu hiyohiyo. Kisukume kwa mkono tu. Ukikigonga kwa nyundo hakitachomoka mapema, na chupa itabeba upepo usioutarajia.

Mapezi (vibawa vya mkiani) ya boksi hulowa siku ya kwanza. Mimi hukata ya plastiki kutoka dumu la mafuta ya kula, matatu au manne, nikayafunga kwa selotepu pana. Hapa wengi huchanganyikiwa: roketi hii huruka mdomo ukiwa chini, kwa hiyo tako la chupa ndilo kichwa, na mapezi hukaa upande wa mdomo.

Sasa kamba. Chupa ikiwa tupu, mapezi yakiwa yamefungwa, itafutie mahali inapolala sawa juu ya kidole. Funga kamba hapo, kama mita mbili, uizungushe juu ya kichwa chako. Ikitangulia kichwa na kutulia, umefaulu. Ikitangulia mkia au ikipinduka ovyo, ongeza udongo wa mfinyanzi kichwani, au ukuze mapezi. Udongo utie kwenye mfuko, uufunike kwa nusu ya mpira wa tenisi, maana kitu hicho kitarudi chini. Msumari, jiwe au betri visikaribie kichwa hicho.

Wanafunzi huuliza kwa nini tunaipima bila maji. Maji hutoka yote ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa macho mara mbili, na safari karibu yote iliyobaki ni ya chupa tupu. Hiyo tupu ndiyo inayotakiwa kunyooka.

Usijione mjinga ukikosea. Robert Goddard, Mmarekani aliyerusha roketi ya kwanza ya mafuta ya kimiminika tarehe 16 Machi 1926 huko Auburn, Massachusetts, aliiweka injini juu na matangi chini, akitarajia ining'inie wima. Haikuwa hivyo, kwa sababu roketi ikiinama, msukumo nao huinama pamoja nayo. Iliruka sekunde 2.5, ikafika kama mita 12 na kuangukia umbali wa mita 56. Baadaye aliihamishia injini chini.

Maji jaza theluthi moja, yaani nusu lita. Ukizidisha, upepo hukosa nafasi. Bila maji kabisa, chupa huruka kidogo tu kama chura, kwa kuwa haina kitu kizito cha kutupa nyuma.

Siku ya kurusha, nenda uwanja mpana. Isimamishe kati ya matofali, pampu iwe mbali kwa mpira mrefu, watu wakae nyuma ya mpampuaji. Kizibo mara nyingi huchomoka chenyewe. Geji ikifika paundi 60 bila kuruka, acha kupampu. Mtu asiende kuichungulia. Vuta kwa mbali uzi ulioufunga mapema kwenye kizibo na kuupitisha chini ya matofali.

Urefu usikadirie kwa macho. Funga uzi wenye kijiwe kwenye protrakta, simama mita 30 kutoka pa kurushia, usome pembe roketi inapofika kileleni. Ikiwa nyuzi 35, tan (tanjenti) yake ni karibu 0.7; ukizidisha kwa zile mita 30 ni mita 21, ukiongeza kimo cha macho yako. Kijana aliyekuwa akisinzia kwenye kipindi changu cha trigonometria alishika protrakta hiyo muhula mzima, akikataa kumwachia mwenzake.