Maswali na majibu: rupia, hela (Heller, sarafu ndogo za Mjerumani) na riale za kale

Kabla ya kuuliza bei, leta vitu vitatu: uzito hadi sehemu ya mia ya gramu, kipenyo kwa milimita, na picha za pande zote mbili pamoja na ubavu. Swali lenye picha moja ya ukungu halijibiki, na hili limeshasemwa hapa mara nyingi.

Nina rupia ya Mjerumani ya 1890, mali ya babu. Ina zaidi ya miaka 130. Ni ya shilingi ngapi?

Umri peke yake haununuliwi. Sarafu nyingi za shaba za Roma, za karne ya 4, ni rahisi kuliko rupia yako. Zilipigwa kwa wingi mno na bado zinafukuliwa vyungu kwa vyungu. Uadimu unapimwa kwa idadi ya zilizosalia, na hata iliyo adimu haina bei kama hakuna anayeitafuta.

Rupia halali ina gramu 11.66 na upana wa milimita 30 hivi. Fedha yake ni sehemu 917 kati ya 1000, yaani takriban gramu 10.7 za fedha tupu. Zidisha kwa bei ya gramu siku hiyo. Hapo ndipo bei inapoanzia. Sonara akikupa nusu ya hapo, chukua sarafu yako uondoke.

Kinachoipandisha ni hali yake. Tazama tai aliyekaa juu ya kofia ya Kaisari. Kama manyoya yake yanaonekana moja moja, umeshika kitu kizuri. Kama amebaki kivuli, mnunuzi atakulipa fedha na nyongeza kidogo. Iliyotobolewa au kuchomelewa kikonyo cha mkufu huanguka hadi bei ya fedha, hata kama uso wake umesalimika. Kwa rupia za kuanzia 1904, ambazo jina la kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki limeondoka na kubaki Deutsch Ostafrika, jina la koloni, tafuta pia herufi ndogo ya mji ilikopigwa: A ni Berlin, J ni Hamburg. Mwaka mmoja, herufi mbili, na idadi zilizopigwa huwa tofauti.

Halafu acheni kunukuu matangazo. Anayeuza anaweza kuandika bei yoyote anayoota. Tafuta kiasi kilicholipwa mnadani kwa mwaka uleule, herufi ileile na hali ileile.

Niliisugua kwa ndimu na majivu ikang'aa kama mpya. Sasa niiuze wapi?

Kwa sonara, kwa uzito. Asidi ya ndimu imekula ngozi ya juu na majivu yameacha mikwaruzo ya nywele, ambayo mkusanyaji anaiona mara tu anapoigeuza sarafu chini ya taa. Ule weusi ulioutoa ulikuwa ushahidi kwamba uso haujaguswa, na ndio uliokuwa ukilipiwa. Hakuna namna ya kuurudisha.

Msomaji mwingine ambaye hajaharibu bado: kama kuna mafuta au utandu wa kijani unaonata kutokana na mifuko laini ya plastiki, loweka sarafu kwenye asetoni safi ndani ya chombo cha kioo, mbali na moto, kisha iache ikauke yenyewe. Usisugue, hata kwa pamba. Na sarafu hushikwa ubavuni, kamwe si usoni.

Kuna watu wanatafuta rupia "inayovuta mchele". Nitaijuaje?

Haipo. Fedha haivuti mchele, haizimi tochi na haina zebaki ndani. Anayekuomba "pesa ya kipimo" au nauli ya mtaalamu kabla ya kununua ni mwizi, hata akija na gari na mkoba.

Nina riale ya Maria Theresa ya 1780. Ni halisi?

Inaweza kuwa halisi bila kuwa ya 1780. Malkia huyo wa Austria alifariki mwaka huo, lakini biashara ya Bahari ya Shamu na pwani yetu iliitaka sarafu ileile. Vienna, London, Roma, Bombay na wengineo wakaendelea kuipiga kwa tarehe ileile hadi karne ya 20. Uzito ni gramu 28.07, fedha 833 kwa 1000. Ubavuni pana maneno yaliyoinuka, IVSTITIA ET CLEMENTIA. Herufi zikiwa butu, au pakiwa na mshono unaozunguka ubavu mzima, imemiminwa kwenye kalibu, ni bandia. Wanaotenganisha matoleo hutazama vito vya bruchi (pini ya pambo) begani na manyoya ya mkia wa tai. Nyingi zilizoko mikononi mwa watu ni matoleo ya baadaye, na bei yake haiendi mbali na bei ya fedha.

Senti 10 ya tundu ya 1936 yenye jina la Edward VIII, mfalme wa Uingereza: alitawala chini ya mwaka, basi ni adimu sana?

Hapana. Zilipigwa kwa mamilioni.

Shilingi za zamani za Afrika Mashariki ni fedha?

Za 1921 hadi 1946 zina fedha robo tu, gramu 1.9 kati ya 7.8. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli. Wanaozinunua kama fedha safi wanapunjwa.

Kipimo cha nyumbani cha kujua kama sarafu ni ya fedha ni hiki. Weka bilauri ya maji juu ya mizani ya sonara, uirudishe kwenye sifuri. Ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba izame yote bila kugusa kitako wala kuta. Gawanya uzito wake mkavu kwa namba unayoisoma. Rupia nzuri itasoma 1.13, na 11.66 ukigawanya kwa hiyo unapata 10.3, namba ya fedha ya rupia. Ikisoma 1.31 jibu ni 8.9, hiyo ni shaba na nikeli. Viputo vya hewa vikinata kwenye sarafu hupotosha namba, vigongegonge vitoke.

Nina sarafu ya njano ya Tabora, 1916. Ni ile ya dhahabu?

Ya dhahabu ni ya rupia 15, ina tembo aliyeinua mkonga, gramu 7.17, na zilipigwa zaidi ya 16,000 tu. Kama yako imeandikwa 20 HELLER, basi ni shaba ya njano, na hela hizo zilipita milioni. Usiitupe lakini: taji kubwa na dogo, na ncha za herufi L, hutofautisha aina, na baadhi hutafutwa. Ukiuziwa yenye tembo, ipime majini. Dhahabu yake inapaswa kutoa 15 hivi, na nakala ni nyingi.

Tumechimba msingi wa nyumba Kilwa tukapata visarafu vya shaba vyenye maandishi ya Kiarabu. Nani ananunua?

Usimuuzie mtu. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na sarafu za masultani wa Kilwa zina karne nyingi zaidi ya hapo. Simamisha jembe, usizioshe, usizitenganishe na udongo wake. Andika kina na mahali zilipolala, piga picha kukiwa na rula pembeni, kisha toa taarifa kwa serikali ya eneo lako au makumbusho. Kisarafu kimoja kilichofahamika kimetoka tabaka gani la udongo kinaweza kutaja umri wa ukuta uliokuwa juu yake; kikishahamia mfukoni mwa dalali hakitaji tena.