Usiifute alama ya kutoa

Muhula wangu wa kwanza chuoni, kwenye jaribio la mekanika, hesabu iliniletea jibu hasi: toa 167. Nikajua nimekosea mahali. Muda ulikuwa umeniishia, nikaifuta alama ya kutoa na kubakiza 167. Nilikosa swali zima. Leo nikiwaelekeza wanaoanza uhandisi naona wengi wanafanya vilevile, na inaniuma, kwa sababu alama ile ndiyo iliyobeba jibu.

Swali lilihusu jukwaa la fundi rangi. Ubao wa mita 4, wenye uzito wa nyutoni 200, umelazwa juu ya mapipa mawili. Pipa A liko kwenye ncha ya kushoto, pipa B liko mita 3 kutoka hapo, na mita 1 iliyobaki inaelea hewani. Fundi mwenye uzito wa nyutoni 700, yaani kilo 70 hivi, amesimama kwenye ncha hiyo inayoelea. Je, kila pipa linausukuma ubao kwa kani kiasi gani?

Mimi niliikimbilia fomula. Wewe chora kwanza. Chora ubao peke yake, kana kwamba umeuchomoa pale ulipo. Ondoa mapipa, mwondoe na fundi. Kila kilichokuwa kikiugusa ubao, weka mshale mahali pake. Kisha usisahau uzito wa ubao wenyewe; Dunia inauvuta bila kuugusa, na mshale wake unashuka katikati, mita 2 kutoka A. Wengi huuacha huu, nami nimewahi kuuacha. Mishale ni minne, basi.

Sasa chukua momenti kuzunguka A, yaani zidisha kila kani kwa umbali wake kutoka A. Mizigo inatoa 200 × 2 + 700 × 4, jumla 3,200. Gawanya kwa 3: pipa B linasukuma kwenda juu kwa nyutoni 1,067. Lakini mizigo yote miwili ni nyutoni 900 tu! Ili kani zilingane, A inabaki na toa 167.

Hapo weka kalamu chini, utazame mchoro. Ulichora mshale wa A ukielekea juu; alama ya kutoa inakuambia unatakiwa kuelekea chini. Yaani ubao utatulia iwapo tu pipa A litauvuta chini, na pipa halivuti. Linasukuma tu, kama vile kamba inavyovuta tu. Kwa hiyo ubao utabinuka na fundi ataanguka. Mimi kwa kufuta kistari kile niliandika kwamba yuko salama.

Tangu siku hiyo, kila mshale ninaochora nauuliza: kitu hiki kinaweza kweli kufanya hivi? Ukizoea swali hilo utakuta majibu yanakuja na manufaa. Kwa mfano, fundi wetu aende umbali gani kupita pipa B? Momenti kuzunguka B: 200 × 1 gawanya kwa 700, ni kama sentimita 28. Hatua moja fupi. Na akilazimika kufika kwenye ncha, mfuko wa saruji wa kilo 50 ukiwekwa juu ya ubao palepale kwenye pipa A, jibu la A linakuwa chanya: nyutoni 333.