Kutapika baada ya sindano ya mgongo

*Mtoto wa kwanza nilimzaa kwa operesheni. Maumivu sikuyasikia hadi kesho yake, lakini nilitapika usiku kucha. Nimepangiwa operesheni tena. Nitateseka vile vile?*

Si lazima, dada. Nafuu ya muda mrefu hivyo huenda ilitokana na mofini kidogo, dawa kali ya maumivu, iliyochanganywa na dawa ya ganzi katika sindano ya mgongo. Mofini hukaa ndani ya maji yanayozunguka uti wa mgongo, ikapanda polepole hadi sehemu ya ubongo inayoamrisha kutapika. Ndiyo maana kichefuchefu huja saa kadhaa baadaye, ndugu wameshafika kumwona mtoto.

Mweleze mtaalamu wa usingizi kabla hajakudunga. Usingoje usiku, beseni likiwa mapajani. Mwaka 1999 daktari wa usingizi Christian Apfel na wenzake walitaja alama nne za hatari: kuwa mwanamke, kutovuta sigara, kuwahi kutapika baada ya operesheni au kutapika safarini, na kupewa dawa za jamii ya mofini. Walizipima kwa waliolazwa usingizi kamili, na mwenye zote nne hatari yake ilikaribia asilimia 80. Wewe, kwa maelezo yako, tayari una alama tatu pengine nne.

Mwenye hatari kubwa hivyo asipewe dawa moja tu ya kuzuia kutapika. Apewe mbili za makundi tofauti, kwa mfano ondansetroni na deksamethasoni, kwa sababu kila moja huziba njia yake. Uliza pia kipimo cha mofini: kwa operesheni ya uzazi, mikrogramu 100 hivi huwatosha wengi, na ukizidisha unaongeza kutapika na mwasho kuliko unavyoongeza nafuu. Baadaye parasetamoli na diklofenaki, kama huna sababu ya kuzikatazwa, zitolewe kwa saa zake hata kabla maumivu hayajarudi. Hapo huenda usihitaji mofini ya ziada.

*Mimi nilichefukwa mtoto hata hajatolewa. Nayo ni mofini?*

Mara nyingi hapana, ni presha imeshuka. Ganzi hulegeza mishipa ya damu, na ubongo ukipungukiwa damu tumbo huchafuka papo hapo. Sema mara moja, hata kwa kunong'ona. Dripu na dawa ya kupandisha presha hukutuliza haraka kuliko dawa ya kuzuia kutapika.

*Nina kisukari. Nikubali deksamethasoni?*

Dozi moja hupandisha sukari kwa muda. Kumbusha kuwa una kisukari, ili wakupime mara kwa mara au wachague dawa nyingine.

*Mama mkwe anataka ninywe uji asubuhi ya operesheni ili nisitapike.*

Mwambie kwa heshima kwamba uji ni chakula, na chakula kinasimama saa 6 kabla. Maji matupu kwa kawaida huruhusiwa hadi saa 2 kabla. Kama hospitali yako imekupa maelekezo tofauti, fuata hayo.

*Mke wangu alijikuna uso na kusinzia sana baada ya operesheni. Nifanye nini safari hii?*

Mwasho ni kawaida ya mofini ya mgongoni, na una dawa. Usingizi ndio wa kuangalia. Ukimwita haamki vizuri, au anapumua polepole mno, mwite muuguzi sekunde hiyo hiyo, hata kama ni saa nane ya usiku. Ni jambo la nadra, lakini mofini hii hufanya kazi hadi saa 24, kwa hiyo usiku wa kwanza mtu wa familia akae macho naye.